Bwana Harusi Haenei Kisandukuni

Jina la bwana harusi liligoma kutokea. Mara ya kwanza Mama Steshenari, mwenye duka la kuchapa kadi, aliliandika akadhani vidole vimemteleza. Mara ya pili aliliandika kwa hasira. Mara ya tatu aliliandika herufi moja moja huku akilitamka kwa sauti, na bado kile kisanduku cha maandishi kilichokuwa katikati ya kadi kilimeza kila kitu kikabaki vilevile. Kilionyesha jina la ukoo, vyeo vya mashangazi, jina la bibi harusi, halafu neno "na". Baada ya "na" palikuwa na ukingo wa kisanduku, na chini ya ukingo palikuwa na maua waridi na njiwa wawili wanaotazamana.

"Na nani?" aliuliza Mama Steshenari akiikazia macho skrini.

"Na mimi," alisema Fundi Friji.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama Steshenari, amevaa shati lake la kutokea, mikono ameifumbata mgongoni. Kazi yake ilikuwa kufufua majokofu, na mbele ya jokofu lililokufa hakuwa na mpinzani. Alilizungumzisha, alilikaripia, alilipiga teke la heshima pale panapostahili, na likawaka. Mbele ya wakwe alikuwa mtu mwingine kabisa. Ulimi ulimkauka, akawa anaitikia kila kitu kwa kichwa.

Na leo kichwa kisingetosha. Asubuhi hiyo mama yake mzazi alikuwa amempigia simu akatoa neno lake la mwisho. Alikuwa amesikia mtaani kwamba kwenye kadi za ukoo ule bwana harusi huwa haandikwi. Basi kama jina la mwanawe halimo, yeye na upande wake wote hawatakanyaga huko, kwa sababu hawezi kujipamba akaenda kucheza kwenye harusi ya mtu asiyejulikana. "Na mimi nikisema siji, unanijua," alimaliza. Fundi alimjua vizuri. Huyu ni mama aliyewahi kususa harusi ya mdogo wake wa tumbo moja kwa sababu alipewa kiti chenye mguu mfupi, akarudi nyumbani na zawadi yake.

Kadi zilitakiwa kutoka mchana huohuo, maana kesho yake alfajiri Shangazi Mkubwa alikuwa anasafiri kwenda kuzigawa, na Shangazi Mkubwa akishapanga safari hata mvua huahirisha.

Shangazi Mkubwa ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu zaidi na kompyuta. Pembeni yake alikuwa Shangazi wa Pili, na pembeni ya huyo alikuwa Shangazi Mdogo, ambaye udogo wake ulikuwa wa kuzaliwa tu, si wa umbo wala wa sauti. Wote watatu walikuwa dada za baba yake bibi harusi. Baba mwenyewe alikuwa amejitoa mapema. Alisema dada zake wanatosha, yeye ataonekana siku ya tukio. Ukutani, kwenye benchi la wateja kati ya mashine ya fotokopi na rafu ya bahasha, waliketi waume wawili wakiwa wameshika mikoba ya wake zao mapajani: mume wa Shangazi wa Pili, mpima ardhi mstaafu, mrefu hadi magoti yake yalifika kwenye meza, na mume wa Shangazi Mdogo, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti nene ambayo hakuna aliyeisikia siku hiyo. Shangazi Mkubwa alikuwa mjane. Mkoba wake aliushika mwenyewe.

"Labda maandishi ni meupe," alisema Shangazi Mdogo. "Nyeupe juu ya nyeupe haionekani."

"Si meupe, mama," alisema Mama Steshenari. Akasogea, akabonyeza huku na huku, akaguna. "Tatizo ni dogo. Kisanduku kimejaa. Jina lipo, nimeliandika, ila limeteremka chini ya ukingo. Nikikivuta hapa chini kidogo tu..."

"Hakivutwi," alisema Shangazi Mkubwa.

"Kidogo tu, mama. Kama vidole viwili."

"Kitawafunika njiwa."

Hapo ni lazima niseme habari ya faili lile, la sivyo utadhani watu hawa ni wakorofi tu. Walikuwa wakorofi, ndiyo, lakini walikuwa na utaratibu wao. Faili la kadi lilianza na harusi ya Shangazi Mkubwa mwenyewe, zama za kompyuta zenye mgongo mnene. Tangu hapo kila harusi ya ukoo ilichapwa kutoka kwenye faili hilohilo. Lilihamia kwenye diski, kutoka diski likahamia kwenye flashi, na flashi hiyo Shangazi Mkubwa aliivaa shingoni kwa kamba, ndani ya nguo, hata akienda sokoni. Masharti yalikuwa mepesi. Jina la bibi harusi hubadilishwa. Vyeo huongezwa. Kingine chochote hakiguswi wala hakifutwi: si ua, si njiwa, si kisanduku, si neno. Ukoo mzima uliamini kwamba ndoa zao zilidumu kwa sababu kadi haikuchezewa, na ukiwauliza walikutajia ndoa za majirani ambao kadi zao zilibadilishwa kila mara, na yaliyowapata.

Vyeo ndivyo vilivyojaza kisanduku. Shangazi Mkubwa peke yake alichukua mistari mitano: Mwenyekiti wa Ukoo, Mlezi wa Kwaya, Mjumbe Mstaafu wa Bodi ya Maji, Mshauri wa Akina Mama, Mgeni Rasmi Mara Kwa Mara. Hicho cha mwisho alijipa mwenyewe na hakuna aliyebisha.

"Basi tupunguze herufi," alisema Mama Steshenari. "Kuna mahali ukigusa, maandishi yanajipunguza yenyewe mpaka yaenee."

Akagusa. Maandishi yakanywea. Yakanywea tena, yakaendelea kunywea yenyewe kwa furaha isiyo na mfano, mpaka kadi nzima ikawa maua makubwa, njiwa wakubwa, na katikati vumbi. Shangazi Mkubwa alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Nani amenipunguza?" aliuliza.

"Ni kompyuta, mama."

"Iambie inirudishe."

Akarudishwa. Katika kurudishwa Mama Steshenari alibonyeza pasipo pake, maandishi yote yakasimama wima kwa ubavu, yakawa yanasomeka kutoka chini kwenda juu. Familia nzima ikalaza vichwa begani kusoma, na wateja wawili walioingia kutaka fotokopi nao wakalaza vyao bila kujua sababu. Kwa dakika kadhaa lile duka lilikuwa na watu wenye shingo zilizopinda wakijadili njiwa. Mpima ardhi, kwa urefu wake, alipotaka kuinyoosha yake ilikataa, ikabidi Dereva aisukume taratibu.

"Namuwekea kisanduku chake mwenyewe," alisema Mama Steshenari jasho likimtoka. "Peke yake. Hakigusi cha zamani."

Mashangazi walitazamana. Kisanduku kipya hakikuwa kimekatazwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifikiria. Mama Steshenari akachora kisanduku kidogo, akaandika humo jina la Fundi Friji, majina yake yote manne, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo jina likaonekana. Fundi alilitazama akasisimka mwili. Alikuwa hajawahi kuliona limeandikwa kwa herufi za mapambo. Risiti zake huandika "fundi" tu.

Kisha Mama Steshenari akakiburuta kisanduku kukipeleka mahali pake, na jina likaingia nyuma ya ua waridi likapotea.

"Anajificha nini?" aliuliza Shangazi wa Pili.

"Hajifichi, mama, amewekwa nyuma ya picha. Ngoja nimlete mbele."

Akaletwa mbele. Akaja na mandhari yake nyeupe, akatua juu ya jina la bibi harusi, akalifunika lote.

"Ndoa bado na ameshamfunika!" alisema Shangazi Mdogo. "Kesho atamruhusu hata kwenda dukani huyu?"

Mama Steshenari akaiondoa ile rangi nyeupe ili kisanduku kiwe kama kioo. Sasa majina mawili yalilaliana, herufi juu ya herufi, mpaka haikujulikana la nani ni lipi. Shangazi Mkubwa aliinua mkono akaziba skrini kwa khanga yake, akamwambia Mama Steshenari awatenganishe upesi, kuna watoto wanapita nje. Wakatenganishwa. Baada ya kuhangaishwa huku na kule bwana harusi alipata nafasi chini kabisa, kando ya mstari uliosema "Viburudisho vitatolewa." Pale palikuwa na utulivu. Hakumfunika mtu, hakufunikwa. Fundi alitoa simu mfukoni ampigie mama yake.

"Lakini tunaandika viburudisho vya nini?" alisema Shangazi Mdogo. "Mtu anayekuja kwa ajili ya soda abaki kwake. Harusi yangu iliandikwa hivyo, wakaja watu hata hatuwajui. Huo mstari ni wa kuongezwa tu, si wa asili. Futa."

Mama Steshenari akaufuta mstari wa viburudisho. Bwana harusi akatoweka nao.

Wote waliitazama skrini. Feni ilizunguka.

"Kumbe alikuja na soda," alisema Shangazi wa Pili polepole, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akishuku jambo siku nyingi na sasa amelithibitisha.

"Hapana, mama," alisema Mama Steshenari, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Kisanduku kama hiki kina nanga. Kinajifunga kwenye sentensi iliyo karibu. Ukiifuta sentensi, na chenyewe kinaondoka. Ona, nairudisha." Akairudisha sentensi, na bwana harusi akarudi nayo, ametulia pembeni ya soda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hilo halikumsaidia hata kidogo. Ulizuka mjadala mkali kama ukoo uko tayari kugawa soda kwa sababu ya mwanamume mmoja. Mama Steshenari alijaribu kueleza kwamba nanga inaweza kuhamishwa ikafungwa kwenye neno jingine, na Shangazi wa Pili akataka kujua litakuwa neno gani, maana hatakubali afungwe kwenye cheo chake. Shangazi Mdogo aliuliza kama majina manne ni lazima. Shangazi wa Pili aliuliza, bila nia mbaya, kama binti yao hakuwa na mchumba mwingine mwenye jina fupi. Fundi alisikia yote hayo akiwa amesimama hapohapo. Aliitikia kwa kichwa.

"Yaishe," alisema Shangazi Mkubwa. "Soda itoke, naye atoke. Sisi hatumwandiki bwana harusi. Ndiyo mila yetu, na kadi zetu zote ziko hivyo. Anayealikwa anamjua, na asiyemjua atamwona pale mbele amevaa suti."

Ikafutwa. Ndipo bibi harusi alipoingia mbio kutoka kazini, shule ya chekechea, nguo yake ina rangi za maji za watoto kuanzia kifuani hadi magotini. Aliwaamkia shangazi zake mmoja mmoja, akawaamkia waume zao, akainama kwenye skrini.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Amefutika na soda," alisema Mama Steshenari, ambaye sasa alikuwa akizungumza kama mtu aliyekata tamaa ya dunia.

Bibi harusi alimgeukia Fundi. "Na wewe umesemaje?"

"Nilikuwa nasubiri wamalize."

"Wamalize nini? Mama yako ameshanipigia na mimi. Analia. Anasema nimemficha mwanawe." Alimtazama, na Fundi aliona kwamba naye machozi yalikuwa karibu. "Mimi siwezi kubishana na wanawake watatu na kumsemea mwanamume mmoja kwa siku moja. Shika huu."

Akampa mkoba wake ili afute rangi mikononi.

Fundi akaushika. Pale ukutani mpima ardhi alimwona, akajisogeza kwa upole, Dereva naye akasogea, na nafasi ikapatikana katikati ya benchi, nafasi ya mtu mmoja kamili.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema mpima ardhi. "Utachoka kusimama."

Aliyasema kwa wema mtupu. Fundi aliitazama ile nafasi, akaitazama mikoba miwili mapajani mwa wale wazee, akautazama wa tatu mkononi mwake, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa umeme. Aliuweka ule mkoba juu ya mashine ya fotokopi. Kisha akasogea hadi mezani, akasema, "Samahani, mama," akamtoa Mama Steshenari mkono kwenye mausi.

"Unafanya nini wewe?" aliuliza Shangazi Mkubwa.

"Nakivuta."

"Njiwa!"

"Njiwa wataruka, mama. Nimechoka mimi."

Akaushika ukingo wa chini wa kisanduku akauvuta. Kisanduku kikashuka juu ya maua, kikawafunika njiwa hadi mabawani, na baada ya neno "na" likatokea jina lake. Chini yake likatokea jina lake tena, na chini ya hilo likatokea mara ya tatu, kama alivyoandikwa asubuhi. Fundi alikuwa karibu kucheka, lakini mkono wake haukuwa umesimama, na chini ya jina lake la tatu likatokea jina lisilo lake.

Lilikuwa la Dereva.

Dereva aliinuka kwenye benchi. Mkoba wa Shangazi Mdogo ulianguka, vitu vikatawanyika, naye hakuinama kuokota. Chini ya jina lake yalifuata majina mawili ya wanaume waliooa kwa mabinamu mji mwingine, na chini ya hayo, majina matatu marefu ya mpima ardhi, pamoja na ile herufi ya katikati anayopenda isiachwe.

"Hilo ni langu," alisema mpima ardhi. Alikuja hadi kwenye skrini akainama, ikambidi apige goti moja. "Hilo ni jina langu. Mliniandika?"

"Limefikaje huko?" aliuliza Shangazi wa Pili, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na uhakika.

Mama Steshenari alikuwa ameshaelewa. Aliwaeleza polepole. Katika kila harusi mchapaji alimwandika bwana harusi, kama kawaida, baada ya lile neno "na". Kila mara vyeo vilikuwa vimejaza kisanduku, kwa hiyo jina lilitumbukia chini ya ukingo likakaa huko gizani. Harusi iliyofuata aliandikwa mwingine, akamsukuma wa kwanza chini zaidi. Kwa kuwa ukoo hauruhusu kufutwa kitu, hakuna aliyefutwa. "Wako wote humu," alisema. "Wamekuwa wakisukumwa tu."

"Mimi niliambiwa ni mila," alisema mpima ardhi akiwa bado amepiga goti.

"Ni mila," alisema Shangazi Mkubwa. Alikuwa ameketi wima, mkoba ameubana kwa mikono miwili. "Sasa sikilizeni. Kijana ameshinda. Aandikwe, mara moja, mstari mmoja. Hayo mengine yote yafutwe, kisanduku kirudi kwao, tuchape twende. Hiyo ndiyo kauli yangu na sitaibadilisha."

Basi ndilo hilo alilolitaka tangu asubuhi. Jina lake, mstari mmoja, mama yake aje na matarumbeta akitaka. Kilichobaki kilikuwa kuyapaka rangi kwa mausi yale majina ya chini na kubonyeza mara moja. Fundi aliyapaka rangi. Majina yote yakawa ndani ya mstari wa buluu, yanangoja, na kidole chake kikawa juu ya kitufe.

"Futa tu, mwanangu," alisema mpima ardhi. Alijaribu kutabasamu. "Sisi tumeshazoea."

Fundi alimtazama. Alimfikiria mzee huyu alipokuwa kijana, mwenye suti mpya, akiigeuzageuza kadi mbele na nyuma kutafuta jina lake. Moyo ulimuuma, na ulimuuma kwa ajili ya mzee na kwa ajili yake mwenyewe, hakujua kwa ajili ya nani zaidi. Akatoa kidole.

"Sifuti," alisema. "Kama hawa wanatoka, na mimi nitoke. Nitamweleza mama yangu mwenyewe. Siwezi kuwa juu ya watu waliozibwa."

"Weee!" alisema Shangazi Mdogo, lakini hakuendelea, kwa sababu mumewe alikuwa amemshika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya hadharani kwa miaka mingi.

"Bado kuna mstari chini," alisema bibi harusi. "Ona, hakijafika mwisho."

Fundi akavuta tena. Kisanduku kikagonga mwisho wa kadi, na pale chini kabisa, pa mwisho, likatokea jina moja fupi, majina mawili tu.

Bibi harusi alilisoma kwa sauti kabla hajafikiri. Kisha akaziba mdomo kwa mkono wake wenye rangi. Lilikuwa jina la mume wa Shangazi Mkubwa, aliyefariki bibi harusi akiwa bado mtoto, na nyumbani kwao halikutajwa kwa sababu Shangazi alikuwa hapendi.

Shangazi Mkubwa aliuweka mkoba chini. Alivaa miwani. Aliinuka, wote wakampisha, akasogea mpaka uso ukakaribia kioo.

"Aliniuliza," alisema hatimaye. "Siku kadi zilipotoka. Alikuja mlangoni na moja mkononi, akaniuliza, mbona mimi simo? Mimi nilikuwa nimezipokea zote zimeshafungwa kwenye maboksi, na nilikuwa nimeshawatambia watu jinsi zilivyopendeza. Niliona aibu kusema zimekosewa." Alikigusa kioo kwa kidole. "Nikamwambia ukoo wetu haumwandiki mwanamume. Niliitunga palepale, nimesimama mlangoni. Akasema kama ni mila, haina neno."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Shangazi wa Pili alimtazama mumewe aliyepiga goti, na alionekana kama mtu anayeona sebule yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Futa," alisema Shangazi Mkubwa.

"Shangazi, nimesema sifuti," alisema Fundi.

"Futa Mgeni Rasmi Mara Kwa Mara."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Alipotazamwa, akafuta. Mstari mmoja ukaondoka na majina yote yakapanda.

"Mshauri wa Akina Mama. Futa. Bodi ya Maji, futa, maji yenyewe hayatoki. Mlezi wa Kwaya." Alisita kidogo hapo, maana kwaya aliipenda. "Futa."

Akawageukia wadogo zake. Shangazi wa Pili alitoa vyeo vyake viwili bila kuombwa. Shangazi Mdogo alitaka kubaki na Mweka Hazina Msaidizi. Dereva akamwangalia tu, naye akasema basi nacho kitolewe, kwanza hakikuwa na kazi. Kila kilipotoka cheo, wanaume walipanda mstari. Fundi alijifuta mara mbili akabaki mara moja. Ukingo wa kisanduku ukarudi juu, maua yakaonekana, njiwa mmoja akaonekana na mwingine akabaki kichwa tu, na Shangazi Mkubwa akasema anatosha huyo mmoja.

"Lakini, shangazi zangu," alisema bibi harusi, "ikisomeka hivi, naolewa na wanaume sita. Na mmoja marehemu."

Walifikiri juu ya hilo. Ni bibi harusi mwenyewe aliyemwambia Fundi aweke mstari mdogo chini ya jina lake, kabla ya mengine: "pamoja na waume wote wa ukoo huu, waliokuwepo siku zote." Mpima ardhi aliusoma akaomba ruhusa atoke nje kidogo apigwe na upepo.

Fundi alimpigia mama yake. Duka zima lilisikia upande wa pili, maana mama huyo hakuamini kwamba simu hupeleka sauti bila msaada.

"Jina lako lipo?"

"Lipo, mama. Nimeliona kwa macho yangu."

"Uko peke yako?"

"Hapana, mama. Tuko wengi. Lakini naonekana."

Mama alilipima jibu hilo. Kisha mama akauliza sare ya harusi ni ya rangi gani, na Fundi akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu.

Nje foleni ya fotokopi ilikuwa imefika barabarani. Mama Steshenari alijifuta uso kwa karatasi, akaihifadhi kazi, akaihifadhi tena kwa wasiwasi, akapakia kadi nene kwenye printa. Alipeleka mkono kwenye mausi.

"Nichape, mama?"

Shangazi Mkubwa alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, uso karibu na lile jina fupi la mwisho. Alivua miwani akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Subiri," alisema. "Usiguse kitu. Mwache kwanza akae kidogo."

Mama Steshenari akatoa mkono kwenye mausi, akauweka mapajani, akasubiri.